Ndugu yako anaposikia sauti: mwongozo wa familia kuhusu skizofrenia

Katika familia nyingi ugonjwa wa akili huingia kimyakimya, na siku majirani wanapousikia kwa mara ya kwanza huwa umeshakaa ndani ya nyumba kwa miezi kadhaa. Kijana aliyekuwa akifanya vizuri masomoni huanza kujifungia chumbani mchana kutwa, huacha kujibu simu za marafiki, haogi mpaka asukumwe, usiku hazungumzi na mtu ila midomo yake inacheza. Ndugu husema ni kiburi, ni bangi, ni mapenzi, ni jicho la watu. Mwongozo huu unahusu ugonjwa mmoja tu kati ya magonjwa ya akili, skizofrenia, kwa sababu ndio ulio nyuma ya mengi ambayo mitaani huitwa wazimu, na kwa sababu familia iliyouelewa huu haitapata shida kubwa kuyaelewa mengine. Nimewaandikia mama, baba, kaka, dada, mume au mke, yaani wale watakaoishi na mgonjwa. Katika nchi zetu hao ndio wauguzi wakuu, na pia ndio mashahidi ambao daktari hawezi kuutambua ugonjwa huu ipasavyo bila maelezo yao.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 24 wanaishi na skizofrenia, sawa na mtu 1 katika kila watu 300 hivi. Kwa hesabu hiyo, kata yenye wakazi 12,000 inaweza kuwa na wagonjwa 40, ingawa wanaofahamika kwa majirani huenda wasifike hata kumi, kwa kuwa wengine wamefichwa. Mara nyingi ugonjwa huanza kati ya mwisho wa ujana na umri wa miaka thelathini, na kwa wanaume huwahi kidogo kuliko kwa wanawake.

Dalili zinazoonekana na zile zinazosahaulika

Dalili ambazo kila mtu huzitambua ni zile zenye kishindo. Mgonjwa husikia sauti ambazo wengine hawazisikii, mara nyingi zikimsema vibaya, zikijadiliana kumhusu au zikimwamuru afanye jambo. Huamini kwa uthabiti mambo yasiyo na msingi, kwa mfano kwamba majirani wametega mitambo ukutani, kwamba mtangazaji wa redio anamtaja yeye, au kwamba mawazo yake yanachukuliwa kichwani na kusambazwa. Maneno yake hupoteza mpangilio, ukamsikiliza dakika tano usijue ameanzia wapi wala anaelekea wapi.

Hapa inafaa tahadhari. Muumini anayesema amesikia wito wa Mungu katika sala si lazima awe mgonjwa, hata kidogo. Imani ya mtu hupimwa kwa kuilinganisha na ya watu wa dini na desturi yake mwenyewe. Ikiwa wenzake wa msikitini au kanisani nao wanaona anachokisema hakifanani na wanachokiamini wao, na papo hapo usingizi wake, kazi yake na mahusiano yake yameharibika, ndipo pana sababu ya kutafuta daktari.

Kundi la pili la dalili ndilo linaloumiza familia zaidi, kwa sababu halitambuliwi kuwa ni ugonjwa. Mgonjwa hupungukiwa na vitu alivyokuwa navyo: hamu ya kufanya kazi, uchangamfu wa uso, maneno, raha ya kukaa na watu. Anaweza kukaa kwenye mkeka kuanzia asubuhi mpaka alasiri bila kufanya lolote, na sauti zinaweza kuwa zimeshatulia kwa dawa ilhali hali hii imebaki. Nimewasikia wazazi wengi wakisema, «Sasa amepona, kilichobaki ni uvivu.» Si uvivu. Ni sehemu ya ugonjwa ule ule, na dawa zilizopo haziitibu vizuri kama zinavyotibu sauti. Pamoja na hayo, kumbukumbu na uwezo wa kupanga mambo hupungua, hivyo ukimtuma dukani vitu vitano anaweza kurudi na viwili.

Chanzo chake

Hakuna chanzo kimoja. Urithi una nafasi kubwa: mtoto ambaye mzazi wake mmoja ana skizofrenia ana uwezekano wa takriban asilimia 10 wa kuugua, wakati kwa watu kwa jumla uwezekano hauzidi asilimia 1. Hata hivyo, kwa mapacha wanaofanana kabisa, ambao wamerithi vinasaba vilevile, mmoja akiugua, mara nyingi zaidi ya nusu yule mwingine haugui. Kwa hiyo mtu huzaliwa na wepesi wa kuugua, kisha mambo mengine huongeza uzito: matatizo wakati wa ujauzito na uzazi, mikasa ya utotoni, maisha ya ugenini yenye upweke, na bangi, hasa ile inayoanza kuvutwa mapema katika ujana na kwa wingi. Ndani ya ubongo, kemikali iitwayo dopamini hufanya kazi kupita kiasi katika baadhi ya sehemu, ndiyo maana dawa zinazopunguza nguvu yake hutuliza sauti.

Malezi mabaya hayamo katika orodha hiyo. Katikati ya karne ya 20 walikuwapo wataalamu wa Ulaya na Marekani waliowatupia lawama akina mama, wakidai ubaridi wao ndio uliowafanya watoto waugue. Dai hilo halikuthibitika na limeachwa. Mama anayesoma maneno haya asijitwishe mzigo huo.

Kuhusu pepo na uchawi, sina nia ya kubishana na imani ya mtu. Ninachosisitiza ni mpangilio. Dua, kisomo na maombi vinaweza kwenda sambamba na matibabu na vikamfariji mgonjwa pamoja na wanaomuuguza. Visivyokubalika ni kusimamisha dawa ili maombi «yafanye kazi», kumfungisha mgonjwa saumu kwa siku nyingi, kumchapa ili pepo atoke, kumnywesha dawa za mitishamba juu ya vidonge vya hospitali bila daktari kujua, na kumfunga mnyororo. Nimeona vifundo vya miguu vilivyochubuliwa na minyororo. Majeraha yale huoza, na mtu aliyefungwa na ndugu zake hujifunza kuwakimbia hata siku wanapokuja na msaada wa kweli.

Anzeni daftari

Kuna kipimo cha malaria, kuna kipimo cha sukari, lakini hakuna kipimo cha damu wala picha ya kichwa inayoonyesha skizofrenia. Daktari huitambua kwa kuzungumza na mgonjwa, kumtazama, na kusikiliza historia. Mgonjwa mwenyewe, kwa sababu ya ugonjwa, mara nyingi husema hana tatizo lolote, na mbele ya daktari anaweza kujikaza kwa robo saa akaonekana mzima. Kinachobaki ni maelezo yenu, na maelezo ya familia iliyochoka huwa ni «amechanganyikiwa», neno ambalo halimsaidii daktari kutofautisha ugonjwa huu na mingine kumi.

Kwa hiyo chukueni daftari la shule, mliweke mahali ambapo mgonjwa hatalikuta na kulitilia shaka, na kila siku mmoja wenu aandike mistari michache. Andikeni mlichokiona na kukisikia, si mlichokihukumu. Badala ya «leo alikuwa mkorofi», andikeni hivi: «Jumanne. Hakulala, alitembea uani tangu saa nane usiku hadi alfajiri. Alikataa uji, akasema umetiwa sumu na mke wa kaka. Aliziba masikio mara nne akisema ‹nyamazeni›, na chumbani hakukuwa na mtu.» Mistari hiyo michache inaonyesha usingizi, imani isiyo na msingi na sauti, kila kimoja na saa yake. Ukurasa wa kwanza uandikeni historia: mabadiliko ya mwanzo kabisa yalionekana lini, kama kuna ndugu wa damu aliyewahi kuugua, kama aliwahi kuumia kichwa au kuanguka kifafa, anatumia bangi, pombe, mirungi au dawa gani, na tayari amepelekwa wapi na kupewa nini, pamoja na kwa mganga. Msione haya kuandika hilo la mwisho. Daktari mzuri hatawagombeza.

Muda una maana kubwa katika uainishaji. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, dalili zinatakiwa ziwe zimedumu walau mwezi mmoja ndipo jina la skizofrenia litumike. Mtu anayechanganyikiwa ghafla baada ya msiba na kutulia katika wiki mbili ana hali nyingine, yenye matumaini makubwa zaidi. Anayepitia vipindi vya furaha na nguvu za kupindukia, akitumia pesa ovyo na kulala saa mbili tu, kisha vipindi vya huzuni nzito, huenda ana ugonjwa wa hisia za mipanda na mishuko, ambao dawa zake ni tofauti. Ndiyo maana daktari anaweza kubadilisha jina la ugonjwa baada ya miezi sita. Hajakosea kwa kufanya hivyo; ni muda uliomwonyesha asichoweza kukiona siku ya kwanza.

Kumfikisha hospitali

Kuna hali ambazo hazisubiri daftari. Mtu aliyebadilika akili ndani ya saa au siku chache, hasa akiwa na homa, shingo ngumu, degedege, au akiwa hajitambui yuko wapi na ni saa ngapi, apelekwe hospitali yoyote iliyo karibu usiku huo huo, kwa sababu malaria kali, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka au mlevi kuachishwa pombe ghafla vinaweza kuonekana kama wazimu na vikaua. Vivyo hivyo mzazi aliyejifungua ndani ya wiki chache zilizopita na ambaye ameacha kulala, anazungumza yasiyoeleweka au anamwogopa mtoto wake: huyo ni mgonjwa wa dharura, asiachwe peke yake na mtoto hata kwa dakika.

Katika hali isiyo ya dharura, anzieni kituo cha afya au hospitali ya wilaya, mpate rufaa. Siku hizi kliniki za afya ya akili zipo katika hospitali nyingi za mikoa na kaunti, hivyo si lazima mfunge safari hadi Mirembe mjini Dodoma, hospitali iliyoanza mwaka 1927, au Mathari mjini Nairobi, iliyoanza mwaka 1910. Zanzibar ipo Kidongo Chekundu na Kampala ipo Butabika. Hospitali hizi kubwa zina sifa ya kutisha katika masimulizi ya mitaani, na sifa hiyo imewachelewesha watu wengi. Anayelazwa humo siku hizi mara nyingi hukaa wiki chache kisha akarudi nyumbani na kuendelea kliniki. Mkifika, tegemeeni damu ipimwe malaria, sukari, virusi vya Ukimwi na kaswende, kwa kuwa magonjwa hayo yanaweza kugusa ubongo. Ulizeni pia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali kuhusu msamaha wa malipo, mapema, kabla hamjauza mbuzi.

Ugumu mkubwa ni kumshawishi mtu asiyejiona mgonjwa. Msimwambie anaumwa akili. Anzieni na jambo analolikubali mwenyewe: kwamba halali, kwamba kichwa kinamsumbua, kwamba amekonda. «Twende ukapate kitu cha usingizi» ni maneno ya kweli, na mengi yamefunguka kwa mlango huo. Aende naye mtu anayemwamini, ambaye si lazima awe mkubwa wa ukoo. Mara nyingi ni dada mdogo au rafiki wa zamani. Msimdanganye kwamba mnakwenda harusini, kwa sababu siku ya kliniki ijayo hatapanda gari.

Wagonjwa wengi wa skizofrenia hawana ukatili, na wao ndio hudhulumiwa na kupigwa zaidi kuliko wanavyowapiga wengine. Lakini ikitokea anatishia kuumiza mtu, au sauti zinamwamuru ajiue, ondoeni visu, mapanga na sumu za shambani, waondoeni watoto, zungumzeni naye kwa sauti ya chini mkiwa karibu na mlango, na muite msaada. Sheria, kama ile ya Afya ya Akili ya Tanzania ya mwaka 2008, inaruhusu mtu wa namna hiyo kupelekwa hospitali bila ridhaa yake kwa kufuata utaratibu. Serikali ya mtaa, ustawi wa jamii au kituo cha polisi ndipo pa kuanzia.

Dawa

Mwaka 1952 madaktari wa Paris waliitumia klopromazini kwa wagonjwa wa akili wakaona watu waliokuwa wakipiga kelele kwa miaka wanakaa na kuzungumza. Dawa hiyo bado inatumika katika hospitali zetu, pamoja na haloperidoli, na mpya zaidi kama risperidoni na olanzapini. Mitaani zote huitwa dawa za usingizi, na jina hilo limeleta madhara, kwani familia huona mgonjwa sasa analala vizuri na kudhani kazi ya dawa imekwisha. Fadhaa hutulia ndani ya siku chache, ilhali sauti na imani potofu huchukua wiki mbili hadi sita kufifia, wakati mwingine zaidi.

Madhara ya dawa yapo, na familia isiyoambiwa huyaona kama uchawi mpya. Katika siku za mwanzo, hasa kwa haloperidoli na kwa vijana wa kiume, shingo inaweza kupinda upande mmoja, macho yakageukia juu na taya kukaza. Inatisha sana kuitazama, lakini hutibika kwa sindano au vidonge vya benzhexol, ambavyo wengi huviita artane. Rudini hospitali mara moja. Wapo wanaokakamaa, kutetemeka na kutokwa na udenda, na wapo wanaoshindwa kabisa kutulia kitini, wakinyanyuka na kuketi kutwa nzima. Hali hiyo ya mwisho msiichukulie kuwa ugonjwa umezidi mkaongeza vidonge. Dozi huenda inatakiwa ipunguzwe, na uamuzi huo ni wa daktari. Dawa mpya zina kasoro nyingine: huongeza hamu ya kula, uzito na sukari mwilini, kwa hiyo ombeni apimwe uzito na sukari kliniki. Homa kali pamoja na mwili kukakamaa na jasho jingi kwa mtu anayetumia dawa hizi ni hatari ya kifo, na anatakiwa hospitali saa hiyo hiyo.

Baada ya tukio la kwanza, dawa huendelea kwa angalau mwaka mmoja hadi miwili tangu apate nafuu; aliyeugua mara kadhaa huhitaji muda mrefu zaidi, pengine maisha yake yote. Wengi wa wanaoziacha hurudiwa na ugonjwa ndani ya mwaka mmoja au miwili, na hawarudiwi siku ya pili, ndipo mtego ulipo: mwezi wa kwanza bila dawa mgonjwa huwa mchangamfu zaidi kwa sababu uzito wa madhara umeondoka, na familia nzima hushawishika. Kwa anayesahau au kuficha vidonge chini ya ulimi, ipo sindano inayodumu wiki mbili hadi nne. Kwa ambaye dawa mbili tofauti zilizotumika kwa dozi na muda wa kutosha hazikumsaidia, ipo klozapini, ambayo huwasaidia wengi walioshindikana kwa nyingine lakini hudai damu ipimwe mara kwa mara kwa sababu inaweza kushusha chembe nyeupe.

Kuishi naye

Miaka ya 1950 mtafiti George Brown aliwafuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za London, na ikaonekana kwamba mahali mtu aliporudi kuishi palikuwa na uzito mkubwa. Tafiti zilizofuata zilibainisha kwamba penye lawama, uhasama na kumwingilia mgonjwa katika kila jambo, ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi. Upande wa Afrika, mwaka 1954 daktari Thomas Adeoye Lambo alianzisha huko Aro, Abeokuta nchini Nigeria, utaratibu wa wagonjwa kupanga katika vijiji vya jirani pamoja na ndugu yao mmoja, wakienda hospitali mchana na kurudi jioni. Kwa maoni yangu hakuna ushahidi mzuri kuliko huo kwamba jamaa wa mgonjwa ni sehemu ya tiba.

Kwa vitendo, jambo gumu kuliko yote ni namna ya kujibu. Akisema, «Baba Asha amenitegea kamera dirishani,» kuna njia mbili mbaya: kumwambia «acha upuuzi», na kukubali naye kisha mkaanza kutafuta kamera. Jibuni hisia, acheni hoja: «Mimi sioni kamera, ila naona una hofu. Unataka tukae sebuleni pamoja?» Mkimpa maagizo, yawe mafupi na moja kwa wakati mmoja. Kazi ndogo zenye mwisho unaoonekana, kama kuchota ndoo mbili au kufagia uani, humrudisha taratibu kuliko hotuba kuhusu maisha yake ya baadaye, na akizifanya msifieni kwa kilichofanyika bila kumkumbusha alivyokuwa zamani.

Ugonjwa ukianza kurudi, kwa kila mgonjwa huanza kwa namna yake ile ile. Kwa mmoja ni kukosa usingizi siku tatu mfululizo, kwa mwingine ni kuvaa nguo nyingi juu ya nyingine, kwa mwingine ni kuacha kula na wenzake. Someni daftari la mara ya kwanza mtaiona alama hiyo, na ikitokea tena msingoje tarehe ya kliniki iliyoandikwa kwenye kadi. Nendeni wiki hiyo hiyo, kwani kuongeza dozi mapema mara nyingi huzuia kulazwa. Kubalianeni na mgonjwa mwenyewe akiwa mzima ni nani atakayeshika uamuzi siku hiyo, nani ana nauli, na nani atabaki na watoto. Na kazi ya kumuuguza igawanywe tangu mwanzo, kwa sababu katika nyumba nyingi humwangukia mama au dada mmoja mpaka naye anaanza kukosa usingizi. Wajomba na shangazi wanaotuma pesa tu waombwe pia wampokee kwa wiki moja moja, na kadi ya kliniki na vidonge vyake vikiwa ndani ya mfuko.